Mfereji wa Keturah

Mfereji niujuao mimi ni huu:
unatoka kwenye ukungu wa mlimani,
unapita nyuma ya hospitali, unapinda penye kanisa,
na ukinifikia bado una baridi.
Mtoto huuruka bila kukimbia.
Humu ndimo nilimofulia mashati ya dunia,
na povu langu likitangulia baharini
meli zilijua Keturah Yon ameamka.

Zilirudi kutoka Kalkuta, Batavia, Kantoni,
zikatia nanga mbele ya Jamestown na kiu zao,
zikashusha mapipa, zikashusha mafurushi ya nguo
zilizoganda chumvi hata zikasimama zenyewe
kama watu wasio na vichwa.
Sijui kusoma. Nilipiga fundo kwenye kamba,
fundo moja, mashati ishirini,
na kamba ya mwaka ingemfunga ng'ombe wa gavana
ikabaki ya kuanikia.

Bowers aliuza maji na viazi vikuu.
Dada yangu Dorcas aliuza majani ya mtoni, yale makali,
ambayo baharia mwenye fizi za damu
hutafuna kwanza, bei akauliza baadaye.
Mchwa walikula milango yetu,
mchwa walioshuka na mbao za meli ya watumwa,
ile ile iliyomshusha mama.
Tukacheka. Mlango wa nini
kwa watu wanaopigiwa hodi na bahari?

Kisha akaja Ephraim Constantine, karani wa forodha.
Akachukua sabuni yangu bila kuomba,
akachora juu ya jiwe langu la kufulia
kitu kama paja la mbuzi linaloning'inia.
"Afrika," akasema. "Nukta hii, sisi.
Kule, India. Meli huzunguka paja zima."
Halafu akakwangua kwa ukucha pale juu, penye mshipa.
"Wamekata hapa. Suezi. Mfereji."

Mfereji? Kama huu wangu?

"Kama huo," akasema, naye hakucheka.
Nikaimwagia maji ramani yake,
ikatoa povu zuri. Nikafulia soksi.

Haikuwa siku moja.
Bandari haifi kama mtu, useme ilikata roho saa fulani.
Kwanza zilikosekana za chai. Tukasema ni upepo.
Kisha za barua, zile za moshi.
Kamba yangu ikafupika,
nikaanza kupiga fundo kwa mashati kumi,
kisha matano,
nijidanganye mwenyewe kwa vidole vyangu mwenyewe.
Mapipa ya Bowers yalikauka yakaachana mbao.
Majani ya Dorcas yakatoa maua.
Maua! Meupe, madogo kama punje za mchele.
Miaka thelathini hatukujua yana maua,
hatukuwahi kuyaacha yazeeke.

Wanasema Bombei wanaongeza magati.
Wanasema Adeni, jiwe tupu lisilo na kijito,
sasa linauza makaa usiku na mchana
na watu wake wanakohoa vumbi jeusi wakihesabu fedha.
Sina kinyongo nao.
Mwanangu Tobias amekwenda Rasi kutafuta kazi;
kaondoka na meli iliyokuja kwa bahati mbaya,
tanga limepasuka.

Ephraim bado hukaa gatini na darubini.
Huandika tarehe, huandika, "Hakuna,"
kwa hati nzuri kuliko ya zamani, maana ana nafasi.

Nami nimebakiwa na shati moja,
herufi mbili za uzi mwekundu kwenye ukosi.
Kijana wa meli ya chai. Alisema, "Safari ijayo, mama."
Jumatatu nalifua. Halina uchafu.
Sabuni ni ghali, kwa hiyo nalisugua kwa mikono mitupu,
na maji yanashuka yanapita forodhani,
yanaingia baharini meupe, hayana hata povu.